Je, Urefu wa Kozi Ndio Kipimo cha Shida?

Ndugu msomaji, kuna maneno yaliyosemwa nyumbani kwetu Mandewa mwezi Julai uliopita ambayo mpaka leo hayajanitoka kichwani. Hayakusemwa na mzee wa busara, wala na kiongozi kutoka jukwaani. Yalisemwa na mdogo wangu wa kiume, akiwa amekaa juu ya gunia la alizeti, praizi mfukoni, anatafuna muhogo.

Tulikuwa tunapiga alizeti uani. Si unajua kazi hiyo? Vichwa vilivyokauka vinatandazwa kwenye turubai, mnapiga kwa fimbo mpaka mikono inawaka, na upepo wetu wa Singida unamalizia kupepeta bila kudai ujira. Dada yetu, binti wa mama mdogo, alikuwa amerudi likizo kutoka chuo kikuu Dodoma anakosoma shahada ya takwimu ya miaka mitatu. Katika mazungumzo akasema kwamba chuo kikifunguliwa na bumu likitoka, safari hii atajibana anunue kompyuta hata iwe mtumba.

Mdogo wangu akauliza, “Hilo bumu, dada, ni shilingi ngapi kwa siku?”

“Elfu kumi. Ya chakula na malazi.”

Akaacha kutafuna. Akawa kama anapiga hesabu ya waya na soketi. Halafu akasema, taratibu tu, bila hasira: “Mimi nimesoma umeme miezi tisa. Hakuna aliyenikopesha hata mia ya maji. Kwani njaa yangu ilikuwa fupi kuliko yako?”

Dada akajibu kwamba yeye hakupewa, amekopeshwa. Mdogo wangu akasema yeye hata kukopeshwa hakuambiwa aombe. Mama akatunyamazisha wote akatuambia tupige alizeti, jua linazama. Ubishi ukaisha pale uani. Kwangu mimi ndio kwanza ulikuwa umeanza, kwa sababu ambayo nitaisema mbele, maana inaniaibisha kidogo na sina haraka ya kuifikia.

Hebu kwanza tuliweke jambo lenyewe wazi. Wengi hubishana juu ya mikopo kama wanavyobishana juu ya mpira, kila mtu kocha. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004 na ikaanza kazi Julai 2005. Neno zito hapo ni “elimu ya juu”. Sheria ilipotungwa ililieleza kuwa ni masomo yanayomfikisha mtu kwenye stashahada ya juu au shahada. Mwombaji awe Mtanzania, awe mhitaji, awe amepata nafasi katika chuo kinachotambuliwa, asome muda wote na sio jioni baada ya kibarua. Na akishaanza, afaulu mitihani ya kumvusha mwaka hadi mwaka. Akiyatimiza hayo anaweza kukopeshwa ada, chakula na malazi, vitabu, mafunzo kwa vitendo na utafiti. Fedha ya chakula na malazi ilikuwa 8,500 kwa siku, ikapandishwa kuwa 10,000 kuanzia mwaka wa masomo 2022/23.

Sasa angalia. Katika hayo yote hakuna mstari unaosema kozi fupi hazitakiwi. Hauhitajiki. Shahada kwetu haipungui miaka mitatu, uhandisi ni minne, udaktari wa binadamu ni mitano. Cheti cha ufundi kinaweza kuwa cha miezi sita, cha tisa, cha mwaka. Ukishataja shahada umekwisha kutaja miaka. Kalenda imekaa ndani ya sheria kimyakimya, kama jiwe ndani ya ugali, unalijua ukishauma.

Ni kweli mlango umepanuliwa, na sitaki kusema uongo ili hoja yangu ipendeze. Mwaka wa masomo 2023/24 Serikali ilianza kuwakopesha baadhi ya wanafunzi wa stashahada za kati, katika fani zilizopewa kipaumbele kama afya, ualimu wa sayansi na hisabati, usafirishaji, nishati, madini na kilimo. Kuna pia programu ya uanagenzi chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, ambayo imewagharamia vijana mafunzo ya ufundi ya miezi michache. Lakini mdogo wangu alisoma mwaka 2021. Mlango wa kwanza ulikuwa haujafunguliwa, na wa pili sisi hatukuujua ulipo. Baba mkubwa akauza mbuzi wanne, kijana akaingia chuo kimoja cha ufundi, akatoka na cheti. Leo anafunga nyaya chini ya mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, kwenye vijiji ambako umeme wa REA umefika na watu wanalipa 27,000 kuunganishwa lakini nyumba zao hazina hata swichi moja.

Nimejaribu kuwa mwadilifu kwa upande wa pili. Nimejiuliza: kwa nini mtu mwenye akili timamu apange hivi? Ukikaa ukafikiri, sababu zipo. Njia ndefu inamaliza chakula kingi. Mzazi anayeweza kuuza mbuzi wanne kwa kozi ya miezi tisa hawezi kuuza mbuzi arobaini kwa udaktari wa miaka mitano, na nchi isiyo na madaktari haiwezi kujisifu kwamba imetenda haki sawa kwa mafundi. Pia fedha ni ya umma na haitoshi, kwa hiyo lazima mstari uchorwe mahali. Tena matapeli wapo. Ingetangazwa kwamba kila kozi ya wiki sita ina mkopo, ungeona vyuo vinavyoota kila kichochoro, kibao kikubwa mbele, ndani viti vitatu vya plastiki.

Katika miaka ya mwanzo ya uhuru Mwalimu Nyerere alimfananisha msomi na mtu wa kijiji chenye njaa aliyepewa chakula chote kilichosalia, ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta kingine. Asiporudi, alisema, ni msaliti. Sisi tuliosoma mashule ya huku tumeusikia mfano huu mpaka tumeuzoea. Lakini utazame tena, msomaji. Yule mtu alipewa chakula kwa sababu njia yake ni ndefu. Je, wale waliobaki kijijini wakichota maji na kuezeka mapaa wakati yeye yuko safarini? Hao walienda kisimani na njaa yao. Mfano hausemi walipewa nini. Labda hawakupewa kitu, na labda haikuwa dhambi, kwa sababu kisima kilikuwa karibu. Mimi nasema hivi: kisima kikiwa karibu, haina maana aendaye kisimani ameshiba.

Hapo ndipo ninapoona kosa. Sheria inapima urefu wa safari, halafu inadhani imepima uzito wa shida. Vitu hivi viwili mara nyingi havitembei pamoja, na wakati mwingine vinakwenda kinyume kabisa.

Nitoe mfano wa kwetu. Mkoa wetu unasifika kwa alizeti na kuku wa kienyeji, lakini mwenye macho afike soko la vitunguu la Misuna msimu wa mavuno. Utawaona wakulima wa namna mbili. Yupo anayeuza vitunguu vingali shambani, au anavishusha siku hiyohiyo kwa bei yoyote atakayotajiwa, kwenye lumbesa iliyofura kama tumbo la ng’ombe. Si mjinga. Anajua vizuri kwamba akingoja miezi michache bei itapanda. Lakini ana mtoto mgonjwa, ana deni la pembejeo, hana kibanda cha kuhifadhia. Na yupo yule mwenye ghala, anayeweza kuacha vitunguu vyake vikae akisikilizia bei. Mvua waliyopata ni moja na udongo ni mmoja. Aliyemtenga mmoja na mwenzake ni uwezo wa kungoja tu.

Kungoja ni mali. Maskini halisi huwezi kumjua kwa kuangalia shati, mjue kwa kumwambia angoje. Sasa tuseme benki ije Misuna itangaze: tunakopesha wakulima wenye shida, sharti moja tu, uwe na uwezo wa kuhifadhi vitunguu miaka mitatu. Utacheka. Utasema huyu amekuja kuwakopesha wenye maghala. Na yeye atakuonyesha makaratasi: hapana, tumepima umaskini wao, huyu baba yake amefariki, huyu mama yake anauza mchicha. Yote kweli! Wenye maghala madogo nao wana shida zao. Ila yule wa kuuza shambani hakufika hata dirishani.

Mtoto anayefika chuo kikuu amekwisha kungoja mara nyingi kabla ya hapo. Amengoja kidato cha tano, amengoja cha sita, amengoja matokeo. Kila mara aliyongoja kuna mtu alikula kidogo ili yeye angoje. Ada ya sekondari kidato cha kwanza hadi cha nne iliondolewa katika shule za Serikali tangu 2016, na ya kidato cha tano na sita mwaka 2022, jambo jema sana. Lakini ada haikuwa kitu pekee kilichomtoa mtoto shuleni. Kuna siku ambayo nyumba inamtazama kijana wa miaka 18 na bila kusema neno inamwuliza: unga utatoka wapi? Kozi ya miezi tisa ni jibu la swali hilo. Wengi hawaichagui kwa kupenda ufupi wake. Wanaichagua kwa sababu nyumba haina pumzi ya miaka mitatu.

Wakati mwingine hata anayekubaliwa katika njia ya mkato haachiwi salama. Mwaka 2016 wanafunzi zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi na hisabati pale Chuo Kikuu cha Dodoma, waliotoka kidato cha nne na waliokuwa wakikopeshwa, waliamriwa warudi makwao, na nchi nzima ikaanza kujadili kama walistahili kuwa pale tangu mwanzo. Sitaingia katika siasa zake. Nakumbuka tu mabasi yaliyosimama stendi yetu siku zile, vijana wanashuka na magodoro, wengine wanaona haya kusalimia.

Nilimwambia dada yangu habari hii ya kungoja na vitunguu, siku mbili baada ya ule ubishi. Nilitegemea atanisifu, nami ni mtu ninayependa kusifiwa. Akanikata maneno.

“Kungoja unakuita mali?” akasema. “Wewe unajua nilivyongoja? Wasichana tisa wa darasa letu wameolewa. Shangazi alikuwa anakuja kila Krismasi kuuliza kama nimechumbiwa. Nimengoja kwa machozi. Tena nangoja bado, maana nikimaliza sijui kazi iko wapi, na deni liko palepale linanisubiri mlangoni.”

Hapo alikuwa na haki yake. Mkopo una mdomo. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, mwajiriwa anayedaiwa na Bodi hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi. Zamani ilikuwa 8. Mwaka 2021 iliondolewa ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, na watu wakashusha pumzi, lakini mkopo wenyewe haukuondolewa. Kozi ikiwa ndefu na deni linakuwa refu. Dada atalipa kwa miaka mingi, na mdogo wangu hadaiwi na ofisi yoyote.

Nikampelekea mdogo wangu jibu hilo. Nimekuwa kama mjumbe wa baraza la usuluhishi katika nyumba hii. Alikuwa juu ya ngazi, anatoboa ukuta. Akasema, “Mimi nadaiwa na baba mkubwa.” Nikamwuliza mbuzi wale si walitolewa tu? Akasema mbuzi hawatolewi tu. Kila msiba, kila harusi, kila paa linalovuja kwa baba mkubwa, simu ya kwanza ni yake. Hakuna asilimia iliyoandikwa, hakuna siku ya mwisho. “Afadhali yake yeye,” akasema, “ataletewa karatasi kwamba amemaliza.”

Kwa hiyo wote wawili wanadaiwa. Tofauti ni kwamba mmoja anadaiwa na nchi, ambayo ni tajiri kuliko yeye, na mwingine anadaiwa na mzee aliyebakiwa na mbuzi saba. Hapa nadhani ndipo mahali pa haki, kama tunaitafuta kweli. Nani amebeba hatari? Dada akifeli au akikosa kazi, hasara inaanguka juu ya mfuko wa watu wote, kila mtu anaumia kidogokidogo. Mdogo wangu angefeli, hasara yote ingeangukia zizi moja.

Sasa nifike kwenye aibu yangu.

Mimi nilimaliza kidato cha nne mwaka 2019 na cha sita mwaka 2022, shule ya bweni, ada 70,000 kwa mwaka kwa wakati ule, ukiacha nauli, godoro, sabuni na michango isiyokwisha majina. Mdogo wangu alimaliza kidato cha nne mwaka mmoja baada yangu, na matokeo yake yalikuwa mazuri kuliko yangu. Nasema tena ili nisije nikajificha: mazuri kuliko yangu. Alichaguliwa kwenda kidato cha tano. Lakini nyumba haikuweza kuwangoja wawili. Alikaa siku tatu hasemi, ya nne akasema anataka umeme. Hakuna aliyembishia. Nilikuwa nimefurahi moyoni, nikajifanya nasikitika. Fedha niliyotumia kidato cha sita, nusu yake ilitoka kwenye vibarua vyake vya kuchimba mitaro ya nyaya.

Kwa hiyo lile neno lake juu ya gunia, kwani njaa yangu ilikuwa fupi, lilimwendea dada lakini likapita likaja kwangu. Mbele ya kila ofisi mimi ndiye mwenye sifa za kukopeshwa. Nina cheti cha kidato cha sita, daraja la tatu. Yeye hana sifa. Na sifa zangu alizichimba yeye kwa sururu.

Hapo kuna jambo la pili, baya kuliko la kwanza. Mimi nataka kuandika riwaya. Nimeanza mbili, moja imeliwa na mchwa, ambayo labda ndiyo ilikuwa nzuri. Kazi ninayoiona inaweza kunilisha huku naandika ni ya maktaba, na kuna kozi ya ukutubi ya mwaka mmoja, ngazi ya cheti, ninayoitamani. Haina mkopo. Mwaka 2022 nilipata nafasi ya shahada ya ualimu ya miaka mitatu. Nikaiacha, mama akalia, mpaka leo hajanisamehe sawasawa. Mwalimu wangu mmoja wa zamani, mzee ninayemheshimu, ananiambia kila tukikutana: “Acha utoto, mwanangu. Omba ualimu, upate bumu, ukae bwenini uandike vitabu vyako. Miaka mitatu unalishwa! Ukimaliza utaona mbele ya safari.” Na muda unanibana, kwa sababu miongozo ya Bodi ya miaka ya karibuni inamtaka mwombaji awe amehitimu kidato cha sita ndani ya miaka mitano. Hesabu mwenyewe kutoka 2022. Ajabu ni kwamba Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliwataka wahitimu wa sekondari wafanye kazi kwanza ndipo waende chuo kikuu. Siku hizi ukifanya kazi muda mrefu mno kwanza, dirisha linafungwa.

Basi swali langu ni hili, na naomba usilichukulie kwa wepesi. Nikichukua mkopo wa kusomea ualimu nisioutaka, kwa sababu tu kozi yake ni ndefu ya kutosha kunilisha, je, nimeiba?

Kuna siku nasema hapana. Mkopo unarudishwa; huwezi kuiba kitu utakachokilipa. Sheria ndiyo iliyoniweka njia panda. Inamwambia mkweli, jilipie. Inamwambia anayejisingizia wito wa ualimu, karibu mezani. Sheria ikimfanya mkweli alipe zaidi kuliko mwongo, yenyewe ina sehemu yake katika uongo huo.

Lakini siku nyingine naona hoja hiyo ni tamu mno, na hoja tamu mno huwa naitilia shaka, hasa ikiwa inaninufaisha mimi. Kiti nitakachokalia si hewa. Fungu la mikopo lina mwisho wake, na kuna mtu nyuma yangu kwenye foleni, labda msichana wa Iramba au Mkalama anayeutaka ualimu kwa moyo wote. Tena baada ya miaka mitatu nitasimama mbele ya watoto sitini darasani, hasira zangu za riwaya isiyoandikwa nitazimwagia wapi? Tumewahi kufundishwa na watu wa namna hiyo. Tunawajua kwa namna wanavyofuta ubao.

Na kwamba sheria ina kasoro, hilo linanipa ruhusa gani? Mwenye haki ya kuilalamikia kwanza ni mdogo wangu. Mimi nikiitumia kasoro hiyo kujinufaisha, nitakuwa nimekula mara mbili kutoka kwenye sahani yake: kwanza kidato cha sita, halafu bumu. Sijui mwanafalsafa angesemaje. Mimi nimeshindwa kupata hoja ya kumwambia yeye usoni.

Watu husema mstari lazima uchorwe mahali, nami nimekubali. Ila mstari huchorwa na mkono, na mkono unaweza kuusogeza. Kenya, ambako Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu iliundwa mwaka 1995, wanafunzi wa vyuo vya ufundi nao wanakopeshwa. Marekani, ruzuku yao inayoitwa Pell kwa miaka mingi ilitaka kozi isipungue wiki 15. Mwaka 2025 ilipitishwa sheria ya kuiruhusu kwa mafunzo ya kazi ya wiki 8 hadi 15, kuanzia Julai 2026. Wamarekani nao wamebishana sana juu ya matapeli wa vyuo vifupi, wakaona ni afadhali kumkagua tapeli kuliko kumwacha fundi. Kama ingekuwa mimi ninayeulizwa, ningesema tusipime miezi ya kozi. Tupime kama chuo kinatambuliwa, kama waliotoka humo wanafanya kazi waliyosomea, na kama nyumba ya mwombaji inaweza kumlisha kwa muda huo, uwe miezi tisa au miaka mitano. Mkopo wa miezi tisa ni mdogo, na fundi huanza kulipa mapema. Lakini mimi siulizwi. Mimi ni mtu wa Mandewa mwenye riwaya moja na nusu.

Kwa njia, Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha. Nalitaja hili kwa sababu dada aliniuliza kama mwandishi anahitaji shahada.

Wiki iliyopita nilikutana na yule mwalimu karibu na hospitali ya rufaa hapa Mandewa, amekuja kupima presha. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, na kabla sijauliza hali akaniuliza kama nimeshaandaa vyeti vya kuombea. Nikamwambia bado nafikiri. Akasema, “Fikiri haraka, dirisha halifikiri.” Nikamsindikiza mpaka kwenye bajaji.

Jioni nikamweleza mdogo wangu, kila kitu, na habari ya ukutubi ambayo sikuwahi kumwambia. Alikuwa anasafisha tesa yake kwa kitambaa. Akauliza ada ya mwaka huo mmoja ni kiasi gani. Nikamtajia. Akanyamaza, akahesabu kwa vidole nyumba alizobakiza kule kijijini, akasema ya kwanza anaweza kuchangia, iliyobaki tumwone baba mkubwa.

Nikamwambia kwa baba mkubwa tusiende.

“Basi utafanyaje?” akauliza.

Nilimwomba anifundishe kuchimba mitaro. Alicheka sana, akanitazama mikono, akaniambia nije Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, na nisije na daftari.